Mfungwa akiandika mpango wa biashara, hasa anajifunza nini?

Wengi wakisikia kuwa wafungwa wanafundishwa biashara, tena na watu wenye kampuni zao, huuliza: mbona kijana wa mtaani ambaye hajamwibia mtu hapewi masomo hayo bure? Swali ni la haki na nitalijibu. Ila kwanza tuingie darasani, kwa sababu programu hizi husifiwa na kulaumiwa na watu ambao hawajui kinachofundishwa humo.

Nachukua mfano wa Texas, kwa kuwa huko programu ya aina hii imedumu miaka mingi na imechunguzwa. Inaitwa Prison Entrepreneurship Program, kwa kifupi PEP. Ilianzishwa mwaka 2004 na Catherine Rohr, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni za uwekezaji New York. Alialikwa kutembelea gereza huko Texas, akakutana na wanaume waliowahi kuuza dawa za kulevya na kuongoza magenge, na akaona kwamba mambo wanayoyazungumza anayajua vizuri: nani anakuletea mzigo, unauza bei gani, mshindani wako ni nani, yupi wa kukopeshwa na yupi hakopesheki. Akajiuliza kama akili hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye biashara halali. Yeye aliondoka mwaka 2009, lakini programu ikaendelea. Kwa miaka mingi kitovu chake kilikuwa gereza la mji wa Cleveland, kaskazini mwa Houston, na wahitimu wakapata cheti cha ujasiriamali kutoka Chuo Kikuu cha Baylor kilichoko Waco.

Wazo hilo la mwanzo linavutia, lakini mimi naona ni nusu tu ya ukweli. Muuza unga analijua soko, sawa. Lakini mteja wake asipolipa hapelekwi mahakamani, anapigwa. Bei yake inalindwa na hofu. Hatunzi daftari, maana daftari ni ushahidi. Hana leseni, halipi kodi, na hakuna mteja anayemrudishia mzigo akidai fedha zake. Mtu wa namna hiyo akifungua karakana ya magari atakuwa hodari siku ya kumshawishi mteja, kisha atakwama siku ya mishahara, siku ya kulipa kodi ya mapato, na siku ambayo mteja mkorofi atamfokea mbele ya watu. Walioendesha PEP walilielewa hili, ndiyo maana miezi ya mwanzo haina biashara kabisa.

Kuvua uso wa gerezani

Gerezani uso mgumu ni ulinzi. Usicheke ovyo, usionyeshe huzuni, usimuulize mtu jambo usilolijua, usikubali kusahihishwa mbele ya wengine. Anayeishi hivyo miaka minane huzoea, na siku anapotoka uso ule ule unamfuata kwenye usaili wa kazi.

Mafunzo huanza kwa kuuvunja uso huo. Mtu aliyejulikana kwa jina la kutisha hupewa jina la utani la kuchekesha, na ndilo wenzake na wageni humwitia. Husimama mbele ya darasa na kuhutubia, hata kama sauti inatetemeka. Hutathminiwa tabia na wenzake wa kundi, wale wanaolala naye bweni moja na kumwona saa zote: kwamba anakatiza watu maneno, kwamba anaahidi asichotekeleza, kwamba kila kosa lina mtu mwingine wa kulaumiwa. Programu ina maadili 10 inayoyashikilia, yakiwemo uadilifu, kuwajibika, uongozi wa kutumikia wengine na matumizi mema ya mali. Yakiandikwa ukutani tu hayana nguvu yoyote. Yanapata nguvu pale ambapo aliyekuibia sabuni juzi anaulizwa kuhusu uadilifu mbele yako.

Hapa ndipo wakosoaji wengi hawafiki. Wanadhani sehemu hii ni mahubiri ya kujaza muda kabla ya somo lenyewe. Kwa maoni yangu ndiyo somo lenyewe. Kujua gharama na faida ni kazi ya miezi michache kwa mtu yeyote mwenye akili timamu. Kuambiwa "hapana" na mteja, na afisa wa mkopo, na mke aliyechoka kungoja, bila kulipuka na bila kukimbilia kwa marafiki wa zamani, hilo halifundishwi kwa vitabu.

Hesabu za viwanja vya nyasi

Baada ya hapo ndipo mpango wa biashara unapoandikwa, kazi inayochukua miezi kadhaa. Wafungwa hawana intaneti. Anayetaka kujua bei ya trela lililotumika, au kuna mafundi rangi wangapi kwenye mtaa fulani wa Dallas, anaandika swali, watu wa kujitolea walioko nje wanatafuta jibu, na jibu linarudi kwenye karatasi. Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara kutoka vyuo mbalimbali husoma rasimu na kuandika maoni pembeni. Rasimu hurudi zimejaa alama, nazo huandikwa upya, tena na tena.

Chukua mtu anayetaka kufungua biashara ya kukata nyasi Houston, kazi inayowavutia wengi kwa kuwa haihitaji mtaji mkubwa wala cheti. Tuseme anatoza dola 40 kwa uwanja mmoja na kwa siku anakata viwanja vitano. Kichwani ameshapata dola 200. Anatoa 30 za mafuta ya gari na mashine, inabaki 170, na kwa wiki hizo ni fedha za maana. Kisha anakaa na mtu anayefanya biashara kweli. Msaidizi unamlipa ngapi kwa siku? Dola 80. Mashine ikikatika mkanda na gari likihitaji matairi? Tenga 20 kila siku. Mashine ikirusha jiwe likavunja kioo cha jirani, una bima? Weka 10. Kodi? Weka 20. Zimebaki 40, na bado hajaulizwa habari ya siku za mvua, wala ya Desemba na Januari wakati nyasi za Houston hazikui kwa kasi. Namba hizi ni za mfano wangu, lakini maswali ndiyo hayo. Hapo mtu anatakiwa aamue: apandishe bei, afanye kazi peke yake, aongeze kazi ya kupogoa miti wakati wa baridi, au aliache wazo lote na kuanza lingine.

Angalia kilichotokea hapo. Mtu aliyezoea kuishi kwa leo amelazimika kuiwazia Januari. Amelazimika kukubali mbele ya mgeni kwamba hesabu yake haikuwa sahihi, na hakuna aliyemdharau kwa hilo. Ikifika siku ya mashindano, wakuu wa makampuni huingia gerezani kukaa kama majaji, naye huueleza mpango wake mara nyingi kwa siku moja, kila mara mbele ya watu wapya wenye maswali mapya. Mwisho wake ni mahafali ya kofia na joho, familia zikiwa zimeketi mle mle ndani. Kwa wengi wao hayo huwa mahafali ya kwanza maishani.

Langoni

Sasa linakuja jambo linalowashangaza wasomaji wengi: wahitimu walio wengi, wakitoka, hutafuta ajira kwanza. Hawafungui biashara wiki ile ile, na programu yenyewe haiwahimizi kufanya hivyo.

Sababu zipo langoni. Texas hailipi mshahara wafungwa wake walio wengi, hata wanaofanya kazi kila siku mashambani na viwandani. Kwa hiyo mtu anatoka bila akiba. Kwa miaka mingi kilichotolewa ni dola 100, na kwa anayetoka kwa parole, yaani kuachiwa kabla ya kifungo kuisha akiwa chini ya uangalizi, nusu hutolewa langoni na nusu baada ya kuripoti kwa afisa wake. Sehemu ya kulala lazima iwe imeidhinishwa. Hawezi kwenda atakako bila ruhusa, na hilo pekee linatosha kuua biashara inayohitaji kusafiri. Ndiyo maana PEP hutuma mtu kumpokea siku anayotoka, ina nyumba za kufikia Houston na Dallas, na ina madarasa ya jioni kwa wahitimu waliokwisha toka. Nikiulizwa ni kipi kati ya darasa la ndani na gari linalosubiri nje kina uzito zaidi, nitasema gari, na nyumba linakoelekea.

Lakini hata ajira ina ukuta wake. Mwaka 2003 mwanasosholojia Devah Pager alichapisha utafiti alioufanya Milwaukee. Aliwatuma vijana kuomba kazi zilezile wakiwa na sifa zinazolingana, tofauti ikiwa rangi na kama wametaja kuwa waliwahi kufungwa. Weupe wasio na rekodi waliitwa tena kwa asilimia 34, na wenye rekodi kwa asilimia 17. Weusi wasio na rekodi waliitwa kwa asilimia 14, na wenye rekodi kwa asilimia 5. Soma tena hizo mbili za katikati: mweupe aliyefungwa alikuwa na nafasi kubwa kuliko mweusi ambaye hajawahi kukanyaga gereza. Kwa mtu aliye kwenye ile asilimia 5, kujiajiri kunaweza kuwa mlango pekee uliobaki wazi. Mpango wa biashara humsaidia hata asipoutumia: akiulizwa kwenye usaili amefanya nini miaka hiyo yote, ana kitu cha kuonyesha chenye jina lake.

Kuzisoma takwimu bila kudanganyika

Ukitafuta habari za programu kama hii utakutana upesi na namba nzuri. Ripoti ya watafiti wa Baylor ya mwaka 2013 ilisema waliorudi gerezani ndani ya miaka mitatu kati ya wahitimu wa PEP walikuwa chini ya asilimia 7. Kwa Texas nzima ni takriban mtu mmoja kati ya watano. Tofauti ni kubwa. Lakini kabla ya kushangilia, kuna maswali ya kuuliza.

Kwanza, kurudi maana yake nini? Idara ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafuatilia watu walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Ndani ya miaka mitatu asilimia 67.8 walikuwa wamekamatwa tena. Waliorudishwa gerezani walikuwa karibu nusu. Watu walewale, miaka ileile, namba mbili tofauti, kwa kuwa si kila anayekamatwa hufungwa. Mwandishi akichukua namba ya kukamatwa kwa nchi nzima na kuilinganisha na namba ya kufungwa kwa wahitimu wa programu fulani, anamdanganya msomaji hata kama kila namba ni ya kweli.

Pili, nani aliingia darasani? PEP haimchukui kila anayetaka. Lazima mtu awe anakaribia kutoka, asiwe amefungwa kwa kosa la ngono, awe ameachana na genge. Kisha ajaze fomu ndefu, asome, afanye usaili. Wengine huacha njiani au huondolewa, na hao hawahesabiwi kama wahitimu. Mtu aliyevumilia yote hayo huenda angefanikiwa hata bila darasa. Tena umri wenyewe hutuliza watu: wa miaka 40 hurudi kwenye uhalifu mara chache kuliko wa miaka 20, wakiwa wamesoma au hawajasoma. Na tusisahau kwamba chuo kilichoipima programu ndicho hichohicho kinachotoa cheti. Sisemi ripoti ni ya uongo. Nasema tofauti hiyo yote isihesabiwe kuwa kazi ya mwalimu.

Namba ninayoiamini zaidi ni ndogo na haivutii magazeti. Mwaka 2013 RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilikusanya tafiti za miongo mitatu kuhusu elimu ya gerezani ya kila aina, kuanzia kusoma na kuandika hadi ufundi na chuo. Vichwa vya habari vilisema elimu inapunguza kurudi gerezani kwa asilimia 43. Hiyo ni namba ya kitaalamu inayopima uwiano kati ya wanaorudi na wasiorudi, na ukiisoma haraka utadhani karibu nusu ya tatizo limekwisha. Kwa hesabu ya kawaida ni hivi: kati ya watu 100 ambao hawakusoma, takriban 43 walirudi ndani ya miaka mitatu, kati ya 100 waliosoma, takriban 30. (Zile 43 mbili zimegongana kwa bahati tu.) Watu 13 katika kila 100. RAND walikadiria pia kuwa kila dola moja ya elimu ya gerezani iliokoa dola nne hadi tano za kuwafunga watu tena katika miaka hiyo mitatu ya kwanza.

Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la kijana wa mtaani. Anastahili kusomeshwa, na anayemnyima anakosea. Ila mfungwa tayari anagharimiwa na mlipa kodi kila siku, chakula, askari na kuta, na takriban wote walioko ndani watatoka siku moja na kurudi kwenye mtaa uleule anaoishi kijana huyo. Hao 13 ni vibaka ambao hawatamvizia usiku.

Afrika Mashariki tumeshika nusu ya kwanza

Magereza yetu hayakosi kazi. Namba za magari za Kenya hutengenezwa Kamiti. Viatu vya Karanga, Moshi, vinajulikana Tanzania nzima, na anayepita banda la Magereza kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba huona makabati na vitanda ambavyo fundi wa mtaani angejivunia. Mbeya kuna chuo cha ufundi cha magereza cha Ruanda. Kenya wafungwa hufanya mtihani wa ufundi wa serikali na kupata daraja kama fundi mwingine yeyote. Hii ni heshima kubwa na isidharauliwe.

Kinachokosekana ni soko. Seremala wa gerezani anajua kuunganisha kabati bila msumari kuonekana, lakini hajawahi kununua ubao wala kupatana na muuza mbao. Bei ilipangwa ofisini. Mteja alizungumza na askari. Bidhaa ikikaa dukani miezi sita, yeye hajui. Akitoka ana mikono ya fundi na hana hata siku moja ya ufanyabiashara, halafu tunashangaa akirudi.

Uganda wamejaribu kuunganisha mambo haya. Katika gereza kuu la Luzira, Kampala, wafungwa wenyewe ndio walimu wa shule ya ndani, na Makerere University Business School imekuwa ikitoa kozi za ujasiriamali kwa walioko humo. Luzira pia ina ligi ya mpira yenye timu zilizopewa majina ya klabu za Ulaya, Arsenal, Manchester United, hata Hannover 96, na ligi hiyo ina katiba na viongozi wa kuchaguliwa. Naitaja kwa makusudi. Mfungwa anayekaa kwenye kamati, anayesikiliza malalamiko ya mchezaji aliyefungiwa na kutoa uamuzi ambao nusu ya gereza hawaupendi, anafanya zoezi lilelile la Texas bila kuliita mafunzo ya uongozi.

Mfumo wa Texas hata hivyo hauwezi kubebwa ulivyo. Sehemu kubwa ya walioko kwenye magereza ya Kenya na Tanzania ni mahabusu ambao hawajui watatoka lini, na wengi waliohukumiwa wana vifungo vifupi kuliko muda wa kozi. Kwao linafaa darasa la wiki chache: kupanga bei, kutenganisha fedha ya duka na ya nyumbani, kuandika mauzo.

Vizuizi vya langoni navyo ni tofauti. Kenya mwajiri ataomba cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, na hapo mlango wa ajira hufungwa mapema, kwa hiyo wengi hujiajiri wapende wasipende. Mtaji kwa kawaida hupatikana kwenye chama, VICOBA au SACCO, na vyote hivyo vinasimama juu ya watu wanaokujua na walio tayari kukudhamini. Mtu aliyetoka jela amepoteza hasa hilo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ya Kenya uliozinduliwa Novemba 2022, haitaki mdhamini na huanzia shilingi 500, lakini inataka kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Laini iliyokaa miaka bila kutumika hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Kitambulisho kinaweza kuwa kilipotea siku ya kukamatwa. Na kama alikuwa na mkopo wa simu siku hiyo, jina lake huenda liko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo, kwa deni ambalo hata amelisahau.

Kwa mwenye ndugu anayekaribia kutoka, haya ndiyo ya kushughulikia wakati bado yuko ndani: kitambulisho kiko wapi, laini bado ni yake, cheti cha ufundi alichofanyia mtihani kimechapwa kwa jina sahihi na nani atakichukua, deni la simu ni kiasi gani. Na kwenye chama cha nyumbani, aulizwe mwenyekiti mapema kama kuna mwanachama atakayekubali kumdhamini kwa kiasi kidogo, na kwa masharti gani, ili siku ya kikao cha kwanza asiende kubahatisha.